Ukingo wa Muhuri

Watu wa kwetu wakisimulia maisha ya Ulaya huanza na baridi, halafu makaratasi, halafu Wazungu walivyowatenda. Mimi naanza na nilichotenda mimi. Niliharibu muhuri wa mzee mmoja Mchina aliyeniamini, na niliuharibu kwa kuutengeneza. Nimesingiziwa mengi katika mji huu wa Brussels mpaka nimezoea. Hili moja ambalo ni langu kweli hakuna aliyewahi kunishtaki nalo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Bukavu nilikuwa fundi wa kashe. Hivyo ndivyo tulivyoita mihuri ya mpira, kashe, na aliyeichonga aliheshimiwa kuliko fundi wa redio. Nilikuwa na meza na mwavuli karibu na soko, wembe, tupa ndogo na vipande vya mpira. Parokia zilikuja kwangu, shule zilikuja, machifu wa mitaa walikuja, kila mwenye cheo alikuja, maana kwetu karatasi isiyo na kashe ni ya kufungia karanga. Herufi nilizichonga kinyume bila kuzichora kwanza. Lakini sifa yangu hasa ilikuwa ukingo. Duara langu lilifunga, mraba wangu ulinyooka. Kashe yenye ukingo uliomeguka ilirudishwa siku hiyohiyo, mteja akiibamiza mezani na kupaza sauti soko lote lisikie: "Fundi, hii kashe yako iko na mapengo! Unataka banifunge?" Miaka yote ile nilijifundisha kuchukia pengo la ukingoni. Nalichukia hata sasa, ingawa sasa nina sababu nyingine.

Halafu vita ikaja. Wanaume wenye bunduki wakasimama mbele ya meza yangu wakitaka kashe ya ofisi ambayo haikuwa yao. Nikawaambia warudi kesho. Kesho hiyo mimi na mke wangu tulikuwa njiani, tena mbali. Niliondoka Zaire, na nilipofika Brussels nikaambiwa hakuna nchi yenye jina hilo, imebadilishwa. Karani alinitazama akingoja nieleze nilikoipeleka.

Tulipata vyumba viwili ghorofani, Koekelberg, jikoni kukiwa na dirisha linalotazama kuba la Basilika. Mke wangu alimshukuru Mungu kwa dirisha hilo. Mimi nilisema tungepewa joto badala ya kuba. Alfajiri nilikwenda Schuman kusafisha ofisi za watu wanaoendesha Ulaya, na saa za mchana nilirudi kungoja barua ya mahojiano, yale ambayo yangeamua kama tunabaki au tunarudishwa. Kuhusu mahojiano hayo mke wangu alikuwa ameshaweka sheria yake tangu wiki ya kwanza.

"Sikia nikuambie," alisema. "Hapa usiseme kwa muntu hata moja kama ulikuwa natengeneza kashe. Bazungu batasema makaratasi yako yote ulijichongea weye mwenyewe. Donc, weye ni fundi wa viatu. Tosha."

Hakukosea. Porte de Namur, kwenye maduka ya Waafrika, kulikuwa na jamaa walionusa kazi yangu ya zamani, mmoja akaniita "mukubwa" na kutaka nimchongee kashe ya ubalozi. Nilimwacha amesimama pale, nikapanda metro bila hata kununua mihogo niliyotumwa.

Aliyenigundua ni mzee aliyekaa chini yetu. Alikuwa Mchina, mjane, amepika katika jiko la mkahawa mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa amestaafu na macho yake yanafifia. Siku moja kwenye ngazi aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akakipapasa kidole cha kati penye sugu.

"Kazi gani?" aliuliza, kwa Kifaransa chake cha jikoni.

"Viatu," nikasema.

Akanivuta ndani kwake. Mezani palikuwa na kisu kifupi kilichozungushiwa uzi mpini mzima, vijiwe vya rangi ya samli, na kikopo cha kaure chenye rangi nyekundu nzito. Akanipa jiwe na kisu. Ningeweza kukataa. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika fagio miezi mingi, nayo ilikuwa na njaa. Nikachonga herufi nne kinyume, bila kuchora. Mzee akaziinamia mpaka pua ikagusa jiwe, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Viatu!" alisema. "Viatu!" Tangu siku hiyo akaniita *maître*, neno ambalo Wafaransa humwita mwalimu na wakili, ila yeye alikuwa na maana ya fundi. Mimi nilimwita papa, ndivyo kwetu tunavyosema baba. Siri yangu aliitunza, na hakuwahi kuniuliza kwa nini ni siri.

Jumapili baada ya misa nilishuka kwake. Aliongea kuhusu enzi za wafalme wa kwao kwa hasira mbichi, utadhani wamehama mtaani jana. Zamani za kale, alisema, muhuri ulikuwa wa shaba au wa jade, na ofisa aliuning'iniza kiunoni kwa utepe. Akifukuzwa kazi, muhuri ulitoka kiunoni kabla yeye hajatoka nyumbani. Aliyeghushi muhuri wa serikali alikatwa kichwa. Aliponiambia hilo nilicheka, lakini si cheko la raha. Wasomi waliandika herufi kwa brashi, na fundi ndiye aliyezichonga, kwa kuwa jade ni ngumu na msomi hataki malengelenge. Baadaye wakagundua mawe laini, yale ambayo kisu huingia bila kupigana, basi wasomi wakaanza kuchonga wenyewe.

"Kutoka hapo," mzee alisema, "wao wakawa wasanii, sisi tukabaki mafundi. Jiwe lilelile. Kisu kilekile."

Msomi akimaliza aliandika ubavuni mwa jiwe: jina lake, jina la rafiki anayempa, mwaka, pengine na maneno mawili matatu kuhusu mvua iliyokuwa ikinyesha. Fundi aliuacha ubavu mtupu. Ubavu mtupu, mzee alinieleza, ni kazi isiyo na mwenyewe.

Ndipo akanieleza habari ya baba wa babu yake, na hapo nikajua kwa nini mtu huyu hakuwa na amani. Yule alikuwa mtumishi katika nyumba ya ofisa mmoja, kusini, katika mji wa mifereji, wakati ufalme wa mwisho ulipokuwa unachakaa. Ofisa alisifiwa nchi nzima kwa mihuri yake. Kumbe mikono yake ilishakwisha kwa afyuni, hata kijiti cha kulia wali kilimtetemeka. Mtumishi ndiye aliyechonga, katika chumba cha nyuma, miaka ishirini, naye ofisa akatia jina lake ubavuni. Mtumishi akafa mtumishi. Mhandisi mmoja Mbelgiji, kati ya wale waliokwenda Uchina kujenga reli, alinunua mihuri kadhaa ya ofisa huyo akaileta Brussels, na watoto wake wakaipa makumbusho. Mzee aliikuta kwenye kabati la kioo mwaka wake wa kwanza hapa, na chini yake kibao chenye jina la ofisa.

"Kila mwaka nakwenda," alisema. "Nasoma jina la mwizi, halafu naiamkia kazi ya babu."

Alitaka jambo moja kabla hajafa: kibao kile kibadilishwe, jina la babu liandikwe. Mtoto hakuwa naye, mali hakuwa nayo, na nyumbani kwao kitabu cha ukoo kilichomwa wakati wa vurugu. Kilichobaki ni jiwe moja tu, muhuri ambao babu alimchongea mwanawe mwenyewe, na ambao ofisa hakuwahi kuushika.

"Ushahidi umo kwenye jiwe," alisema. "Kuna kitu alikiweka. Ofisa hakukiona. Wataalamu wanakitazama na hawakioni."

"Kitu gani, papa?"

Akatikisa kichwa. Baba yake alimwapisha asikitaje kabla ya siku ya kukionyesha, kwa sababu kitu kikitajwa sana kitaigwa. "Jiwe litasema lenyewe," alisema. Mimi nilidhani ni kitu kilichojificha ndani ya herufi. Fundi wa kashe angedhani nini kingine?

Aliwaandikia watu wa makumbusho barua tatu. Ya tatu ikajibiwa: aje Alhamisi na jiwe lake. Mzee alipanda ngazi hadi kwetu, yeye ambaye magoti yalimkataza, akiwa na barua mkono mmoja na mfuko mdogo wa hariri mkono mwingine. Mifereji ya herufi ilikuwa imeziba kwa rangi kavu ya miaka mingi, na macho yake hayakuweza kazi hiyo tena.

"Toa rangi kavu tu, *maître*," alisema. "Kwenye herufi. Rangi tu."

Nilimsikia. Naomba hilo lieleweke vizuri, kwa sababu siku hizi watu wote waliokosea husema hawakuelezwa. Mimi nilielezwa.

Ilikuwa Jumanne, mchana. Mke wangu alikuwa anapika sombe, kisamvu cha kwetu, nami nikakaa mezani palepale jikoni kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Nilitumia mswaki, mafuta kidogo na kijiti cha kuchokolea meno, rangi ikatoka kidogo kidogo, unga mwekundu uliokauka kama damu ya kuku. Lo, nilivyoona mkono wa yule mtu! Herufi zilizamishwa ndani ya jiwe, hivyo ukipiga muhuri zinatokea nyeupe katikati ya mraba mwekundu, na kila mkato ulikuwa umepigwa mara moja tu bila kurudiwa. Nikachovya kwenye ile rangi ya mzee niliyoiazima chini, udongo mwekundu na mafuta ya mbarika, nikapiga muhuri nyuma ya bahasha kuona kazi yangu.

Herufi zilikuwa safi kabisa. Lakini ukingo wa kushoto ulikuwa na mapengo. Mawili yamekaribiana, moja limekaa peke yake chini.

Nilimwonea haya mzee. Anakwenda mbele ya Wazungu na suti yake, miaka thelathini amengoja, halafu anatoa jiwe lenye mapengo! Nilisikia kabisa sauti ya mteja wa Bukavu akibamiza meza. Nikasema hili dogo, nalimaliza mara moja, ataona nilivyomheshimu. Nikatandika msasa juu ya kioo cha picha ya harusi yetu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa bapa, nikaanza kusugua.

Mke wangu akageuka na mwiko mkononi. "Sababu ya nini unasugua? Papa wa chini alisema utoshe rangi. Nilisikia na masikio yangu."

"Hajui kama ukingo umemeguka. Macho yake hayaoni."

"Yeye macho hayaonake," alisema, "na weye masikio hayasikiake."

Nilimwambia aangalie sombe yake. Nilisugua upande wa kushoto mpaka ukalingana na wa kulia, kisha nikasugua kidogo pande nyingine ili mraba usipinde. Ulikuwa unene wa ukucha tu, si zaidi. Nikapuliza vumbi kwa nguvu, kama tulivyofanya siku zote sokoni, nalo likaruka mpaka karibu na sufuria. "Eeh! Vumbi yako ku sombe yangu!" mke wangu alifoka, akafunika sufuria kwa kishindo. Nikapiga muhuri tena kwenye bahasha. Mraba ulikuwa umenyooka pande zote nne. Nilipiga mluzi.

Nilimrudishia mzee jiwe likiwa ndani ya mfuko wake. Hakulitoa. Kukagua kazi ya fundi mbele ya macho yake ni kumtukana, ndivyo alivyofundishwa, na kwa macho yake yale asingeona mengi. Aliuweka mfuko ndani ya kisanduku, akakifunga, akaniinamia kidogo. "*Merci, maître.*"

Alhamisi aliniomba nimsindikize nimshike mkono kwenye ngazi za metro. Nilikuwa nimeshapata barua yangu pia: mahojiano yalikuwa Jumatatu inayofuata. Mke wangu alininyoshea shati moja kwa siku zote mbili.

Makumbusho walitupokea katika chumba chenye meza ndefu na kitambaa cha kijani. Mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani, alileta mihuri ya ofisa kwenye sinia. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, na mfuko wa plastiki wenye mwavuli wa mzee.

Mzee hakukaa. "Madame," alisema, "naomba upige yote kwenye karatasi moja."

Akapiga. Miraba sita myekundu ikajipanga.

"Sasa tazama ukingo wa kushoto."

Nikasimama nami nikatazama. Kwenye kila mraba, mahali palepale, palikuwa na mapengo matatu. Mawili yamekaribiana, moja limekaa peke yake chini.

Mzee alikuwa anaeleza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu mwenye shamba lake. Mchongaji akimaliza muhuri, alisema, huugonga ukingo kwa kitako cha kisu, ili uonekane umeishi. Muhuri usiogongwa haujamalizika. Kila mchongaji hugonga apendavyo, hapa leo, pale kesho. Ofisa yule hata kugonga alimwachia mtumishi. Na mtumishi akagonga palepale, miaka ishirini, kila jiwe, hakuna aliyemuuliza.

"Hawakumpa ubavu wa kuandika jina," mzee alisema. "Akaliandika ukingoni. Mbili karibu, moja mbali. Na hili ni jiwe la nyumbani kwetu, ambalo ofisa hakuligusa. Piga, madame. Utaona mkono ni mmoja."

Alilitoa mwenyewe kwenye mfuko, akampa huku amelishika kwa vidole viwili juu, kwa adabu. Yule mama akachovya, akakandamiza, akainua.

Mraba wangu ulikuwa mzuri sana. Ulinyooka pande zote nne.

Yule mama alivaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia, akaligeuza jiwe dirishani. Hakuwa mjinga. "Ukingo huu umesuguliwa," alisema. "Tena juzijuzi. Mikwaruzo bado ni myeupe." Akamtazama mzee, akanitazama na mimi. "Nani amelishika jiwe hili?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu ni neno moja. Ningesema ni mimi, na jiwe lilikuwa na alama, niliziona Jumanne, bahasha nyumbani inayo chapa ya kabla na ya baada. Bahasha! Ilikuwa bado juu ya kabati la jikoni. Ningesema, na yule mama angeuliza wewe ni nani, nami ningejibu fundi wa mihuri kutoka Bukavu, mkimbizi, nina mahojiano Jumatatu. Nilisikia sauti ya mke wangu: makaratasi yako yote ulijichongea weye mwenyewe. Nilimwona karani anaandika. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, haukukatwa na mtu. Nikanyamaza.

Mzee alinyoosha mkono akarudishiwa jiwe. Akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, pande zote nne. Hakugeuka kunitazama. Ningependa angegeuka.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka lipendeze."

Yule mama akawa mpole zaidi, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema anaelewa, mtu akipenda sana kitu cha wazee wake hushawishika kukirekebisha. Ila jiwe lililosuguliwa haliwezi kushuhudia chochote, na kibao kitabaki kilivyo. Akamshukuru kwa kuja. Akanishukuru na mimi.

Tulirudi kwa metro mpaka Simonis, kisanduku kikiwa juu ya mapaja yake. Mlangoni nilisema, "Papa," nikakwama hapo, mbwa mimi. Alikuwa ameshatia ufunguo.

"*Bonne journée, monsieur*," alinitakia siku njema kama mtu baki, akafunga mlango bila kishindo. Maître iliishia pale. Hakuniita tena hivyo.

Juu, mke wangu aliuliza, "Ulisema?"

"Sikusema."

Alikaa kitini. "Bon. Ulifanya muzuri," alisema, kisha akafunika uso kwa kitenge. "Mungu atusamehe." Miaka kadhaa nilijaribu kumsukumia yeye lawama hii, kwa vile sheria ilikuwa yake. Lakini yeye aliniambia nisiseme kashe za Bukavu. Hakuniambia nimwache mzee asimame peke yake. Ile bahasha niliichana jioni hiyohiyo, vipande vidogo vidogo, nikavitia chooni, kwa hofu kwamba mtu angekuja kupekua. Nani angekuja? Hakuna aliyekuja.

Jumatatu niliapa kwamba mimi ni fundi wa viatu. Walinihoji kuhusu soli na gundi, nikajibu vizuri sana. Baada ya miezi nikakubaliwa. Siku ya kuchukua hati yangu, mfanyakazi wa komini, ofisi ya mtaa, alipiga muhuri wake wa mpira, nikautazama kwa mazoea: ukingo wote wa juu umeliwa, chapa imevunjika sehemu nne au tano. Bukavu ningerudishiwa usoni. Pale hakuna aliyeuliza kitu, na kwa muhuri huo nimekaa Ubelgiji mpaka leo.

Wiki hiyo tulikuta kifurushi mlangoni petu. Ndani palikuwa na jiwe jipya, na chini yake herufi zilizochongwa kwa mkono unaotetemeka: jina langu kwa Kichina, jinsi alivyolisikia yeye.

"Unaona?" mke wangu alisema kwa furaha. "Amekusamehe, papa wa chini."

Niliupiga muhuri huo kwenye karatasi. Mraba umenyooka, pande zote nne, hakuna pengo hata moja. Nikaligeuza jiwe nikaangalia ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Zote tupu. Sikumweleza mke wangu maana yake. Alikiweka kijiwe karibu na picha ya harusi, akakipangusa kila Jumamosi kwa upendo.

Mzee alifia hospitali majira ya baridi yaliyofuata. Hakuwa na ndugu, basi waliniita mimi wa ghorofani. Alikuwa ameacha neno kwa muuguzi kwamba azikwe na jiwe lake, kama watu wa enzi za wafalme walivyozikwa na mihuri yao. Muuguzi akanipa ule mfuko wa hariri, na mimi ndiye niliyeutia katika mfuko wa koti lake, kwa mikono hii. Nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama alikuwa baba yangu. Nikasema ndiyo. Uongo mwingine.

Muda mrefu ulipita kabla sijarudi makumbusho. Nilikuwa na uraia tayari, hakuna wa kunirudisha popote, ushujaa wa bei nafuu. Mihuri ya ofisa ilikuwa kwenye kioo chake, na kibao kilekile. Nikamwomba mlinzi aniitie yule mama. Alikuja, mvi zimeongezeka, na alimkumbuka mzee mara moja. Tukakaa kwenye benchi mbele ya kabati, nikamwambia yote, Bukavu, msasa, mapengo mawili na moja, ambayo mbele yetu yalionekana wazi kwenye karatasi yenye chapa za ile mihuri, chini ya kioo. Nilisema mimi ndiye. Nilisema mara mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini hukusema siku ile, monsieur?"

"Niliogopa."

Akaitika kwa kichwa. Aliandika mistari michache kwenye daftari, akafikiri, akauliza jiwe liko wapi. Nikasema liko kaburini na mwenyewe. Akauliza kama kuna picha, au chapa ya zamani. Nikasema ilikuwepo bahasha.

"Nakuamini," alisema, na nadhani aliniamini kweli. "Lakini siwezi kubadilisha kibao kwa maneno matupu. Huna ushahidi wowote? Hata kidogo?"

Nilikuwa nao wote, madame. Niliusugua juu ya picha ya harusi yangu, Jumanne mchana, kisha nikaupuliza kwa mdomo wangu mwenyewe, na mke wangu akanigombeza kwa kuwa uliangukia karibu na sombe.